Koo la Bunduki

Kati ya Kilosa na Mikumi kuna mahali panaitwa Ulaya. Ni kata ya wilaya ya Kilosa, ina mashamba na vumbi kama jirani zake, na utani wa jina lake hauishi: unaweza kwenda Ulaya na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Mwishoni mwa Agosti 1916 kuna watu walifika Ulaya hiyo kwa shida kubwa. Walikuwa wanajeshi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali Jacob van Deventer, wakipigana upande wa Uingereza. Walikuwa wameteremka kutoka Kondoa hadi Dodoma, wakafuata reli kupitia Mpwapwa na korongo la Mkondoa, na tarehe 22 Agosti wakaingia Kilosa. Farasi wao walikuwa wakifa kwa nagana. Wenyewe walikuwa wakila nusu ya posho yao, siku nyingine chini ya hapo. Mbele yao, Wajerumani na askari wao wa Kiafrika walikuwa wakirudi nyuma polepole, wakipiga risasi, wakinyamaza, wakirudi tena nyuma, kuelekea Kidodi na Mto Ruaha Mkuu.

Historia ya shuleni hupita hapa mbio. Inatuambia kwamba Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa mjanja, kwamba Waingereza walimfukuza miaka minne bila kumkamata, basi, kengele inalia, tunakwenda somo jingine. Swali ambalo sikumbuki likiulizwa darasani ni la kawaida kabisa, lile ambalo mwenye duka angeuliza kwanza: huyu mtu bidhaa alikuwa anaitoa wapi? Koloni lilikuwa limezingirwa na meli za kivita za Kiingereza tangu 1914. Hakukuwa na kiwanda cha risasi Dar es Salaam, wala Tanga, wala popote. Jeshi lisilo na risasi halirudi nyuma kwa kupigana. Linakimbia, au linanyoosha mikono.

Jibu, au sehemu kubwa ya jibu, liko Moshi, kwenye mikono ya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

*

Vita ilipoanza Agosti 1914, jeshi la Kijerumani la hapa, lile lililoitwa Schutztruppe, lilikuwa na askari wa Kiafrika takriban 2,500. Wengi wao walibeba bunduki ya mwaka 1871. Ilikuwa bunduki ya milimita 11, ya kupakia risasi moja moja, na ilitumia baruti nyeusi. Ukiifyatua, wingu la moshi mweupe linatoka na kukaa juu ya kichwa chako kama bendera. Adui hahitaji darubini, anapiga chini ya wingu. Kampuni chache tu zilikuwa na bunduki mpya ya Mauser ya 1898, inayotumia baruti isiyo na moshi.

Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India kuichukua Tanga, wakashindwa vibaya, wakaacha ufukweni bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Hiyo ilikuwa zawadi kubwa. Lakini zawadi ya vita ina masharti yake: risasi za Kiingereza zilikuwa za kipimo cha Kiingereza. Haziingii kwenye Mauser, na za Mauser haziingii kwenye bunduki ya Kiingereza. Sasa jeshi moja lilikuwa na familia tatu za risasi zisizoweza kuazimana chochote.

Januari 1915, mpakani kaskazini ya Tanga, mahali paitwapo Jasini, Lettow-Vorbeck alishinda tena. Baadaye akapiga hesabu. Vita ya siku mbili ilikuwa imekula risasi 200,000. Kwa akiba aliyokuwa nayo, aliandika, angeweza kumudu mapigano kama hayo mara tatu zaidi, si zaidi. Naona hesabu hii ni muhimu kuliko ushindi wowote wa mwaka ule. Mshindi alikuwa amegundua kwamba ushindi ungemfilisi.

Kama mambo yangebaki hapo, sidhani vita ingefika Kilosa, wala Ulaya, wala Kidodi. Ingeisha kaskazini, pengine ndani ya mwaka huo huo wa 1915.

*

Tarehe 14 Aprili 1915 meli iliyojifanya ya Kidenmaki, imeandikwa jina Kronborg ubavuni, ilikaribia pwani ya Tanga. Jina lake halisi lilikuwa Rubens, nahodha wake Carl Christiansen, na ilikuwa imetoka Ujerumani kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tumboni ilibeba makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyojificha kwenye mikono ya Rufiji, na pamoja na makaa, bunduki mpya na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliiona na kuifukuza. Christiansen aliiingiza Rubens katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, akaiacha ikae chini kwenye maji mafupi, na mabaharia wake wakawasha moto juu ya sitaha. Hyacinth ilipiga mizinga, ikaona moshi, ikaridhika kwamba kazi imekwisha, ikaondoka.

Shehena ilikuwa chini, ndani ya maji, imeungua juu tu.

Wazamiaji walianza kazi. Sanduku baada ya sanduku lilitolewa tumboni mwa meli, likabebwa hadi nchi kavu na kupandishwa kwenye reli ya Usambara, ile inayotoka Tanga na kuishia Moshi. Jeshi zima lilifurahi. Furaha ilidumu hadi watu walipoanza kuzijaribu risasi zenyewe. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya. Kila wiki iliyopita, risasi zilizokataa kulipuka ziliongezeka.

Hapa lazima nieleze risasi ni kitu gani, maana neno letu moja linabeba vitu vinne. Kuna kichwa, kile kipande cha chuma kinachoruka. Kuna ganda la shaba nyeupe linaloshika kila kitu. Ndani ya ganda kuna baruti. Na kwenye kitako cha ganda kuna kikombe kidogo chenye unga unaolipuka kikigongwa: hicho mafundi wetu wa magobore wanakiita fataki. Pini ya bunduki inagonga fataki, fataki inawasha baruti, baruti inasukuma kichwa. Baruti isiyo na moshi ina sifa moja nzuri, haiyeyuki majini. Ukiiosha chumvi na kuikausha taratibu inaweza kufanya kazi tena. Baruti nyeusi ingekuwa imekufa pale pale, kwa sababu shura iliyomo huyeyuka kama sukari kwenye chai. Fataki ndiyo iliyokuwa dhaifu. Unga wake ukishaloa huwezi kuuamini tena.

Kwa hiyo kulikuwa na njia moja tu, nayo ni ya kuchosha hata kuisimulia: kuifungua kila risasi. Kuvuta kichwa. Kumwaga baruti, kuisafisha, kuikausha. Kutoa fataki iliyoharibika na kuweka nyingine. Kurudisha baruti kwa kipimo. Kurudisha kichwa. Kuchukua inayofuata. Kwa bahati yao kulikuwa na fataki nyingine ndani ya koloni, ingawa hazikuwa za aina ile ile. Kwa miezi kadhaa, pale Moshi, askari, wanawake na yeyote aliyeweza kupatikana walikaa na kazi hii kuanzia asubuhi hadi usiku. Lettow-Vorbeck anaitaja katika kumbukumbu zake kwa sentensi chache, kisha anaendelea na mambo ya maofisa.

Sentensi chache! Watu wanaopakia risasi kwa mkono siku hizi, wawindaji na wapenda shabaha wa nchi ambazo jambo hilo ni halali na la kawaida, hukaa na mizani ya umeme, mashine ya mkono iliyofungwa mezani, taa nzuri na kikombe cha kahawa. Wakitengeneza risasi hamsini jioni moja wanasema wamefanya kazi. Tena maganda yao mengi ni ya aina ambayo sindano moja hupita katikati na kuisukuma fataki nje mara moja. Maganda ya kijeshi ya Kijerumani hayakuwa hivyo. Yana matundu mawili madogo pembeni, na katikati pana kinundu ambacho ni sehemu ya ganda lenyewe. Fataki haisukumwi kutoka ndani, inabidi ing'olewe kwa nje, kwa subira, bila kuharibu kitako.

*

Katika kazi hii yote kuna hatua moja inayonivutia zaidi, nayo ni ya mwisho: kurudisha kichwa ndani ya ganda. Kirudi kwa kina gani?

Bunduki ya kisasa ina chemba, yaani kile chumba ambamo risasi inakaa kabla ya kufyatuliwa. Mbele ya chemba kuna mtutu wenye mifereji inayozunguka kama parafujo, ili kichwa kiruke kikijizungusha na kisiyumbe. Kati ya chemba na mahali mifereji inapoanza kuna nafasi fupi, laini, isiyo na mfereji. Mafundi wa bunduki duniani wanaiita koo, na jina linafaa kabisa. Kinachopita vizuri kooni hukisikii. Ukipaliwa ndipo unakumbuka kwamba una koo.

Koo likiwa refu, kichwa kinaruka hatua moja ndogo hewani kabla ya kushikwa na mifereji, na shabaha inaweza kupungua kidogo. Koo likiwa fupi, matatizo ni mengine. Kichwa kilichowekwa kimejitokeza kidogo tu kuliko inavyotakiwa kinagusa mifereji kabla hata ya kufyatuliwa. Unafunga bunduki, inakuwa ngumu. Ukifyatua, kichwa hakina nafasi ya kuanza safari, na nguvu ndani ya chemba inapanda kuliko ilivyokusudiwa. Ukighairi na kufungua, kichwa kinabaki kimekwama mtutuni na baruti inamwagika kwenye mtambo wa bunduki yako. Na hayo yote yanatokea huku unatazamwa na mtu anayetaka kukuua, au na nyati.

Tiba zinajulikana. Mpakiaji mwangalifu hutengeneza kwanza risasi ya mfano isiyo na baruti wala fataki, anaiingiza kwenye chemba polepole, anaangalia alama ambazo mifereji imeacha juu ya kichwa, kisha anakirudisha ndani zaidi hadi alama zipotee. Lakini kukirudisha ndani kunakula nafasi ya baruti, kwa hiyo hawezi kubaki na kipimo kile kile kana kwamba hakuna kilichobadilika. Anaanza chini na kupanda kidogo kidogo. Au anatafuta vichwa vya umbo jingine, vyenye pua nyembamba inayopita bila kugusa. Au anampelekea fundi bunduki yake alirefushe koo kwa kulichonga, na akishachonga hakuna kurudi. Kitabu cha vipimo kinaweza kusema lolote, ila kila bunduki ina koo lake. Ndiyo maana mtu anayepakia risasi za bunduki moja anaweza kulifuata koo la bunduki hiyo hadi unywele, na mtu anayepakia risasi za jeshi zima hana anasa hiyo. Risasi yake lazima ipite kwenye koo la kila bunduki, hata asiyowahi kuiona.

Wajerumani wenyewe walikuwa wamejifunza habari za koo kwa gharama. Risasi yao ya mwaka 1888 ilikuwa na kichwa kizito cha pua ya mviringo, unene wake milimita 8.08. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakabadilisha: kichwa kipya kilikuwa chepesi, kimechongoka, na unene wake ulikuwa milimita 8.22. Ganda lilibaki karibu lile lile. Tofauti ya milimita 0.14 ni kama upana wa unywele mmoja au miwili. Kwa sababu ya nywele hizo mbili, bunduki za 1888 zilizobaki jeshini zilirudishwa kwa mafundi, sehemu ya koo ikapanuliwa ili kichwa kipya kipite, na juu ya chemba ikagongwa herufi S. Bunduki isiyo na herufi hiyo haikupaswa kulishwa risasi mpya. Na bunduki nyingi za kuwindia za Kijerumani ziliendelea kutengenezwa kwa kipimo cha zamani. Sasa fikiria koloni lenye walowezi wawindaji, bunduki za kila umri, na masanduku ya risasi ambazo kwa macho ya kawaida zinafanana.

Jeshi lolote linalojua kazi yake huzipa bunduki zake koo lenye uvumilivu, kwa kuwa linajua kwamba risasi zitatoka mahali pengi na zitakuwa na vumbi. Uvumilivu huo uliwasaidia watu wa Moshi. Hata hivyo kichwa kilichoingizwa kwa mkono, cha elfu moja kwa siku hiyo, na mtu ambaye mgongo unamuuma tangu saa tano, kina namna nyingi za kukosea: kimepinda, kimejitokeza, kimelegea. Kila mmoja pale mezani alikuwa anapima koo la bunduki ambalo halioni, la askari ambaye hamjui. Kwa baadhi ya wanawake askari huyo pengine alikuwa mume, maana familia za askari ziliishi na jeshi na kusafiri nalo.

*

Matokeo yaligawanywa kwa daraja. Risasi ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kando kwa ajili ya bombomu peke yake. Sababu ni ya kiufundi: bombomu ya aina ya Maxim inajipakia yenyewe kwa teke la risasi iliyotangulia, na risasi moja ikikataa, mashine nzima inasimama hadi mtu aivute kwa mkono. Zilizotengenezwa upya, zile ambazo takriban asilimia 20 zilikataa kulipuka, zilipelekwa vitani. Zilizokataa zaidi ya hapo zilitumika kufundishia shabaha.

Soma tena. Asilimia 20 ndiyo ilikuwa daraja zuri. Mauser ya 1898 inapakiwa risasi tano kwa mara moja. Maana yake ni kwamba katika kila tano, kwa wastani, moja ilikuwa bubu. Askari anavuta kilimi, anasikia tik. Anajua hatakiwi kufungua haraka, kwa sababu fataki iliyolowa inaweza kuchelewa na kulipuka wakati mtambo uko wazi mbele ya uso wake. Anajua pia kwamba hana muda wa kusubiri.

Ninapofika hapa siwezi kuacha kuifikiria Kilosa ya miaka kumi kabla.

Katika wilaya hii koloni lenyewe lilianza kwenye karatasi. Msowero, Novemba 1884, Carl Peters alimwekea Mangungo mkataba mbele, habari ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania anaijua hata akisahau mengine yote. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kukubaliana, pamoja na mambo ya biashara ya watumwa, kwamba bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika wa eneo kubwa la bara hili. Kilichoruhusiwa katika biashara kilikuwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida. Kwa hiyo mtu wa Usagara au wa milima ya Vidunda, juu ya Kidodi, akipata bunduki, alipata gobore. Gobore halina koo. Linalishwa kwa mdomo: baruti, kitambaa, gololi au chochote kitakachoingia, na ufito wa kushindilia. Halichagui chakula, na ndiyo maana fundi wa kijijini anaweza kulihudumia maisha yake yote. Ila huwezi kushindana nalo dhidi ya bunduki inayopakiwa nyuma, sembuse bombomu.

Kinjikitile Ngwale alipowapa watu maji kule Ngarambe, ahadi ilikuwa kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Alinyongwa mapema Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yameshasafiri, na ndani ya mwezi huo huo vita ilifika Kilosa. Risasi hazikugeuka. Tunavyoisimulia sisi, huwa tunaisimulia kwa aibu kidogo, kama kisa cha watu walioamini kisichowezekana.

Miaka kumi baadaye, risasi za Mjerumani yule yule zilikutana na maji kwelikweli, na maji yakashinda moja katika kila tano baada ya matengenezo yote. Sitaki kufanya utabiri wa jambo hili. Maji ya Manza hayakuwa dawa ya mtu, yalikuwa bahari. Ninachokiona ni kwamba wale wa 1905 hawakukosea kuhusu mahali udhaifu wa bunduki ulipo. Bunduki ile ilitawala nchi nzima, na nguvu yake yote ilisimama juu ya unga kidogo uliotakiwa kubaki mkavu. Tofauti ni kwamba mwaka 1915 kulikuwa na watu waliokaa chini kuyatoa maji ndani ya risasi, na watu hao walikuwa Waafrika, miaka minane tu baada ya moto wa Maji Maji kuzimwa.

*

Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilipenya hadi ghuba ya Sudi karibu na Lindi, na shehena yake ilifika ikiwa kavu. Baada ya hapo Moshi haikuhitajika tena, na haikubaki mikononi mwa Wajerumani: mwezi huo huo Jenerali Smuts aliiteka. Lakini mwaka mmoja mzima ulikuwa umeshanunuliwa, kwa risasi za tik. Ndani ya mwaka huo Lettow-Vorbeck aliongeza jeshi lake mara kadhaa, akafundisha askari wapya kulenga shabaha kwa zile risasi mbovu zaidi. Hao ndio Waingereza waliokutana nao mwaka 1916.

Kutoka Kilosa, Meja Kraut aliwaongoza watu wake kusini. Kupita Ulaya, kupita tambarare ya Mikumi ambako leo basi la Iringa linapunguza mwendo kwa ajili ya twiga, hadi Kidodi na Ruaha, na hatimaye Mahenge. Barabara ilikuwa njia za miguu na magari hayakuwa na maana. Risasi, hata iwe imetengenezwa vizuri namna gani, haitembei. Sanduku lilipanda kichwani mwa mpagazi, na mpagazi alitakiwa kula, na chakula kilitoka kwenye ghala la mwanakijiji aliyekuwa njiani. Jeshi moja lilipita likichukua, la pili likapita siku chache baadaye likitafuta kilichobaki. Waliohesabiwa vizuri walikuwa wazungu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao ni makumi ya maelfu, na kumbukumbu kubwa waliyoachiwa Dar es Salaam ni jina la soko, Kariakoo. Jirani wa Kilosa upande wa magharibi, Wagogo, waliingia kwenye njaa ambayo bado ina jina lake lenyewe, Mtunya, iliyoanza 1917.

Kwa hiyo ile meza ya Moshi ni kitu kigumu kukiweka kwenye fungu. Ni ufundi, bila shaka, na ufundi wa hali ya juu kwa vifaa vile. Ukiisoma kwenye vitabu vya wapenzi wa Lettow-Vorbeck inasimama pamoja na dawa ya kwinini iliyotengenezwa hapa hapa nchini na mizinga ya Königsberg iliyofungwa magurudumu baada ya manowari hiyo kuzamishwa Julai 1915: maajabu ya kujitegemea. Neno kujitegemea kwetu lina heshima, na nalionea wivu likitumika hivyo. Kilichotegemewa pale kilikuwa vidole vya watu ambao hawakuulizwa kama wanataka vita iendelee, na kila risasi waliyoifufua ilisogeza vita hatua moja kuelekea vijiji ambavyo havikuwa na habari. Siwalaumu. Mwanamke wa askari aliyekaa pale alikuwa na kila sababu ya kutaka risasi ya mumewe ilipuke. Nawalaumu zaidi walioandika, ambao waliona mikono hiyo miezi mizima na hawakuona haja ya kuuliza ni ya nani.

Risasi za Mauser ziliisha. Baada ya mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, akiba ilikuwa karibu imekauka, na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akaivamia ngome ya Wareno pale Ngomano, akapata bunduki za Kireno na risasi zake zinazokadiriwa robo milioni. Kuanzia hapo jeshi la Kijerumani lilikula kwenye sahani za wengine. Za Mauser zilizokosa chakula ziliachwa njiani.

Alipoweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, orodha iliandikwa kwa uangalifu mkubwa. Mzinga mmoja, wa Kireno. Bombomu 37, saba tu kati yake za Kijerumani. Bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Risasi 208,000. Askari 1,168. Wapagazi. Na pembeni mwa safu, mamia ya wanawake pamoja na watoto waliozaliwa njiani, wakisubiri kuambiwa waelekee wapi.